Simu ya GB 32 imejaa, na wewe hujaweka kitu

Msimu wa korosho uliopita, katikati ya minada, mjomba wangu alipanda basi la alfajiri kutoka Kitangari akaja Mtwara mjini na shida moja tu: WhatsApp haifunguki. Grupu la AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika cha wakulima, lilikuwa limeshatoa bei ya mnada, majirani wameiona, yeye anaisikia barazani kama habari za watu wengine. Kila akigusa anaambiwa nafasi imekwisha, afute vitu kwanza. Akafuta picha za shamba. Akafuta video. Mwisho, kwa uchungu, akafuta picha za harusi ya binti yake. Ujumbe ukabaki ule ule.

"Mpwangu," akaniambia akiwa bado hajaketi, "simu hii niliuziwa ina GB 32. Picha zangu hazifiki hata mia mbili. Nani ameijaza?"

Swali hilo nimelisikia Chikongola, nimelisikia Mikindani, nimelisikia kwenye basi la Lindi. Majibu yanayotolewa mitaani ni matatu: simu ina virusi, simu ni feki, au simu imezeeka. Mara chache moja kati ya hayo huwa kweli. Mara nyingi simu ni nzima kabisa, na mwenye nayo hana kosa. Nafasi yake ilichukuliwa kwa njia tano au sita tofauti, nyingine hata kabla hajalipa pesa dukani, na hakuna aliyemweleza.

Tuanze na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mtengenezaji wa simu anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na baiti moja ni nafasi ya herufi moja hivi. Kompyuta, kwa desturi ya miaka mingi, zinahesabu kwa mara mbili mbili, hivyo "GB" yao ni baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 32 kwa namba hiyo utapata 29.8. Zaidi ya GB mbili zimeyeyuka na hakuna aliyeiba, ni vipimo viwili vinavyotumia jina moja. Mwaka 1998 taasisi ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa majina mapya kwa hicho kipimo cha mara mbili mbili ili watu wasichanganyikiwe, lakini madukani hayajafika mpaka leo. Baadhi ya simu hukuonyesha 29, nyingine hukuonyesha 32 kamili, kutegemea zimepangwa kuhesabu vipi.

Hayo ni madogo. Kubwa ni mfumo wenyewe, yaani programu kuu inayoendesha simu. Android, pamoja na programu ambazo mtengenezaji ameziweka na huwezi kuzitoa, inaweza kula GB kumi, kumi na tano, na hata zaidi. Kwa simu ya GB 128 hilo ni kipande tu. Kwa simu ya GB 32 ni karibu nusu ya nyumba. Simu ya mjomba ilikuwa na mfumo wa GB 14. Maana yake alipotoka dukani, akiwa na furaha ya hela ya korosho mfukoni, alikuwa amenunua simu ya GB 18 hivi. Hiyo 18 haikuandikwa popote.

Halafu zikaja programu. Ukipakua programu inayosomeka kuwa na MB 60 (GB moja ni kama MB elfu moja), usidhani itakaa MB 60. Simu huifungua, na tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 huandaa pia nakala nyingine ya maelekezo yake, iliyotafsiriwa kwa lugha ya chombo chenyewe, ili iwake haraka. Nakala hiyo nayo inahitaji pa kukaa. Kisha programu inaanza kujiwekea akiba: picha ulizoziona Facebook, vipande vya video ulivyopitisha kwa kidole. Na kila sasisho linapokuja, mara nyingi linakuja nene kuliko lililotangulia. Ndiyo maana simu iliyotosha mwaka juzi haitoshi mwaka huu, wakati mwenye nayo hajaongeza kitu.

Sasa WhatsApp, ambayo kwetu kusini ndiyo ofisi, ndiyo posta, ndiyo baraza. Kwenye simu ya mjomba ilikuwa imeshika GB nane na nusu. Yeye mwenyewe hatumi picha. Lakini yumo kwenye grupu la AMCOS, la msikiti, la ukoo, la kijiji, na magrupu manne ya kamati za harusi ambazo maharusi wake wameshapata watoto. Kila asubuhi picha za maua za kutakiana siku njema, kila Ijumaa picha za dua, kila wiki video ya dawa ya kila ugonjwa. Ukiwa hujabadilisha mipangilio, WhatsApp hupakua picha zenyewe hata unapotumia bando, na ukiunganisha kwenye Wi-Fi hupakua kila kitu, video na nyaraka zikiwemo. Mjomba alikuwa ameshinda siku tatu nyumbani kwa mwanawe mwenye Wi-Fi. Siku tatu hizo zilimwagia video za miezi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui kabisa. Kila siku saa nane usiku, WhatsApp huandika nakala ya mazungumzo yako yote ndani ya simu hiyo hiyo, na huweka nakala za hadi siku saba. Ni maneno tu, bila picha, na nia yake ni njema: siku ikitokea hitilafu, upate pa kurudia. Lakini kwa mtu mwenye magrupu mengi yenye kelele ya miaka mingi, nakala hizo nazo zinajumlika. Aidha, video uliyopiga mwenyewe na kuirusha grupuni inakaa mara mbili: ile ya kamera, na ile iliyopunguzwa ambayo WhatsApp imeihifadhi kwenye folda ya vilivyotumwa. Watu hufuta moja wakadhani wamemaliza.

Na kamera je? Video ya kawaida ya ubora wa 1080p inachukua zaidi ya MB 100 kwa dakika moja. Ukipiga ngoma ya dakika ishirini kwenye sherehe, umeshatumia zaidi ya GB mbili. Ukishusha ubora mpaka 720p utaokoa sehemu kubwa, na kwenye kioo cha simu ya kawaida tofauti ni ndogo sana.

Nirudi kwa mjomba, kwa sababu bado kulikuwa na fumbo: kwa nini alifuta na nafasi haikurudi?

Kwa sababu siku hizi kufuta si kufuta. Programu ya Google Photos, na magaleri mengi yaliyomo kwenye simu, hupeleka picha iliyofutwa kwenye pipa la taka. Kwenye Google Photos, picha ambayo haijahifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 30, na iliyohifadhiwa hukaa siku 60. Muda wote huo picha iliyo kwenye simu inaendelea kushika nafasi yake. Mjomba alikuwa amehamisha vitu vyake kutoka sebuleni kwenda stoo ya nyumba ile ile. Tulipofungua pipa tukakuta GB moja na nusu, na ndani yake picha zote za harusi ya binti yake. Tukazirudisha kwanza, moja moja, yeye akiangalia kila sura. Halafu ndipo tukamwaga yaliyobaki.

Kisha tukaingia WhatsApp yenyewe. Nafasi tuliyoipata kwenye pipa ilitosha kuifungua. Njia ni mipangilio, halafu hifadhi na data, halafu kudhibiti hifadhi. Hapo panaonyeshwa kila grupu na uzito wake, kuanzia zito kuliko yote, na juu kabisa kuna mafungu mawili yenye manufaa makubwa: vitu vinavyozidi MB 5 na vitu vilivyosambazwa mara nyingi. Fungu hilo la pili ndilo la kuanza nalo. Kilichosambazwa mara nyingi karibu kamwe si kumbukumbu ya familia yako, ni ile video ya dawa. Tulitoa zaidi ya GB sita bila kugusa kitu hata kimoja alichokipenda. Tukazima upakuaji wa video, akabaki na picha tu. Ujumbe wa sauti WhatsApp huupakua wenyewe siku zote, lakini huo ni mwepesi.

Wapo watakaokushauri upakue programu ya kusafisha simu, zile zenye ufagio na mshale unaozunguka. Mimi nazipinga waziwazi. Nyingi hufunga programu zilizokuwa zimetulia, ambazo baada ya dakika chache hujiwasha tena na kula chaji zaidi, na zenyewe zinakaa kwenye nafasi unayoitafuta huku zikikujazia matangazo. Kazi wanayodai kuifanya unaweza kuifanya kwenye mipangilio ya simu: fungua programu, gusa hifadhi, utaona maneno mawili. "Futa akiba" haina madhara, huondoa vile vipande vya muda. "Futa hifadhi" huondoa kila kitu cha programu hiyo. Kwenye Facebook itakubidi uingie upya tu. Kwenye WhatsApp unaweza kupoteza mazungumzo. Kidole kitulie kabla ya kugusa.

Kuna malalamiko mengine yanayokwenda pamoja na haya: simu ikijaa inakuwa nzito, inastaki, kibodi inachelewa. Watu huona kama ni mambo mawili, kumbe ni moja. Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi simu inavyoandika, na mtu wa Mtwara ataelewa haraka kuliko wengine, kwa sababu tuna maghala.

Fikiria ghala la korosho msimu umechanganya. Magunia yamepangwa kwa malundo. Tuseme sheria ya ghala hilo ni hii: gunia jipya haliwekwi mahali palipokuwa na gunia la zamani mpaka lundo zima liondolewe na sakafu ifagiliwe. Kama ghala lina nafasi, hakuna shida, unaweka gunia jipya pembeni na lundo la zamani utalishughulikia baadaye. Lakini ghala likijaa, kila gunia moja linaloingia linawalazimu wachukuzi wahamishe magunia mazima kutoka lundo fulani, wafagie, ndipo waweke hilo moja. Lori linangoja nje, foleni inafika barabarani.

Hivyo ndivyo ilivyo memori ya simu. Ni ya aina ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitangaza mwaka 1984. Inaandika vipande vidogo, lakini inafuta vitalu vikubwa tu, na haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Ndani yake kuna kidhibiti kinachohamisha vilivyo hai, kufuta kitalu, na kuandika upya. Kikikosa vitalu vitupu, kila herufi unayoandika inasubiri uchukuzi huo. Na kila kufuta kunachakaza kitalu kidogo, kwa hiyo simu inayoishi imejaa huzeeka mapema. Android yenyewe hufanya usafi wa ndani, kukiarifu kidhibiti ni sehemu gani hazitumiki tena, wakati simu imetulia na iko kwenye chaji, kwa kawaida usiku. Simu inayochajiwa mchana kwenye kibanda kwa nusu saa nusu saa huku inatumika haipati nafasi hiyo kirahisi. Mimi nashauri watu waache angalau sehemu moja ya kumi ya simu ikiwa tupu, na kwa simu ndogo hata zaidi.

Nimesema memori, na neno hilo linaleta mkanganyiko wake. Dukani muuzaji atakuambia "memori" akimaanisha mambo mawili. Kuna ghala, yaani hifadhi, ambayo ndiyo GB 32 au 64. Na kuna RAM, ambayo ni meza ya karani: karatasi anazozishughulikia sasa hivi, zikiondoka umeme ukizimwa. Kufuta picha hakuongezi RAM. Na siku hizi kuna maandishi ya "4+4" au "8 GB" ambayo ukiyasoma vizuri ni RAM ya GB 4 na nyingine 4 zilizoazimwa kutoka kwenye hifadhi. Hifadhi ni polepole mno kuliko RAM, na hizo GB 4 zinakatwa kwenye ghala ambalo tayari lilikuwa dogo. Kwa simu ya hifadhi ndogo ningeizima kabisa huduma hiyo kama mipangilio inaruhusu. Muulize muuzaji: RAM halisi ni ngapi, na ukiwasha simu mpya hifadhi inayobaki ni ngapi? Mwambie aiwashe mbele yako.

Memori kadi inasaidia, lakini kwa mipaka. Picha na video za kamera unaweza kuzielekeza huko. WhatsApp huweka vitu vyake kwenye simu yenyewe, na programu nyingi hazihami. Tena kadi za bei ya kutupa, zinazosomeka GB 128 au 256, jihadhari nazo. Nyingi zimeandikwa uongo ndani ya kidhibiti chao: ukubwa halisi ni GB nane, lakini kadi inaiambia simu kuwa ni 128. Unajaza picha, zinaonekana majina yake, na ukivuka ukubwa wa kweli zinaanza kuandikana moja juu ya nyingine. Siku unafungua picha ya msiba unaona rangi ya kijivu. Kabla ya kuiamini kadi, ijaze yote kwa vitu visivyo na thamani, kisha fungua vya mwisho na vya kwanza uone kama vyote vinaonekana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na kadi ya namna hii ni udanganyifu mtupu.

Lakini hasara kubwa kuliko zote nimeiona kwenye kuflash. Mama yangu mdogo, wa Lindi, alipeleka simu iliyojaa kwa fundi. Fundi akairudisha ilivyotoka kiwandani, kazi ya dakika kumi. Simu ikawa nyepesi, na picha za marehemu babu zikaondoka zote, hata zile za siku zake za mwisho hospitalini. Hakuna aliyemuuliza kama ana nakala.

Kisha simu ikakataa kufunguka. Ikawa inadai anwani ya barua pepe na nenosiri vilivyokuwemo kabla. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu zina ulinzi huo: ikifutwa kwa njia ya ufundi, lazima mwenye akaunti ya awali ajithibitishe, ili mwizi asifaidike. Ni ulinzi mzuri. Ila mama mdogo hakuwahi kufungua akaunti. Kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia siku ya kununua, akatunga jina na nenosiri ili mteja aondoke haraka na foleni isogee. Mama mdogo hakuwahi kuviona. Kuna watu wengi sana mikoa hii wanaoishi kwenye akaunti zilizofunguliwa na wauza duka, na hawajui mpaka siku hiyo.

Na akaunti hiyo ndiyo ingemwokoa. Google humpa kila mtu GB 15 bure, za barua pepe, nyaraka na picha kwa pamoja. Mpaka tarehe 1 Juni 2021 picha za ubora wa kati zilihifadhiwa bila kikomo, na baada ya hapo zinahesabiwa ndani ya hizo 15. Si nyingi, ila zinatosha picha za watu unaowapenda. Ingia mipangilio ya simu yako leo, tafuta akaunti, soma anwani iliyopo. Kama huijui, fungua yako na uandike nenosiri kwenye daftari linalokaa na hati za shamba.

Nina hasira na jambo hili, na sioni sababu ya kuificha. Mfuko wa saruji wa kilo 50 tunautarajia uwe na kilo 50. Korosho za mkulima zinapimwa na unyevu wake unapimwa, na zikipungua kilo mbili ghalani yeye ndiye anayeulizwa. Mkulima huyo huyo anauziwa simu ya GB 32 yenye GB 18, na ikijaa anaambiwa ajifunze kutumia simu. Ningependa boksi liandikwe namba ya pili, kubwa kama ya kwanza: nafasi itakayobaki ukiiwasha. Na kwa aliye na uwezo wa kuongeza kidogo, simu ya GB 64 haimpi nafasi mara mbili ya GB 32, inampa karibu mara tatu, kwa sababu mfumo umeshakula chake. Heri simu ya kamera duni na hifadhi kubwa.

Mjomba alilala kwetu siku moja. Jioni alifungua grupu la AMCOS akaipata bei ya mnada. Ilikuwa imetumwa kama video: mtu ameshika simu nyingine akirekodi ubao uliobandikwa ofisini, dakika moja na nusu, mkono unatetemeka. Video nzima ilikuwa na namba mbili tu za maana, bei ya juu na bei ya chini. Akaniuliza namba hizo zikiandikwa kwa maneno zinachukua nafasi kiasi gani. Nikamwambia ni kama punje moja ndani ya lori. Hapo hapo akampigia karani wao. Tangu wiki ile bei ya mnada kule kwao inaandikwa.